Agizeni kwa Ajili ya Meza: Ushauri kwa Anayeingia Mgahawa wa Kifilipino

Mswahili anayefanya kazi Dubai, hasa akikaa Deira, Karama au Satwa, hapiti muda mrefu kabla ya kualikwa chakula cha Kifilipino, kwa kuwa Wafilipino ni wenzetu katika hoteli, hospitali, maduka na ofisi za mji huu. Mimi nilianza kwa kualikwa na wenzangu wa kazini, na siku hizi ndiye ninayewapeleka ndugu na marafiki kutoka Tanga na Mombasa wanapokuja kutembea. Katika safari hizo nimeona jambo moja linaloharibu mlo wa wageni kuliko lolote: kila mmoja hujichagulia sahani yake, akaila peke yake mpaka mwisho, kisha akatoka akisema kwamba chakula kile kimezidi ukali, au ni chapwa, au kina mafuta mengi. Malalamiko hayo huwa ya kweli kabisa kwa ile sahani iliyokuwa mbele yake, ila mpishi hakuikusudia iliwe peke yake. Mlo huu hupangwa kwa meza nzima, wali ukiwa ndio msingi na vitoweo vikisaidiana, hiki kikikata mafuta ya kile na kile kikituliza ukali wa hiki.

Kwa watu wanne, basi, ninashauri mwagize wali wa kutosha na vitoweo vitatu au vinne vya kugawana, na mvichague kwa tabia zake: kimoja kichachu chenye mchuzi mwepesi, kimoja kizito cha nazi au karanga, na kimoja cha kuchoma au kukaanga. Mkishika mpango huo, hata mkikosea jina la chakula hamtakosea mlo.

Kichachu cha kuanzia ni sinigang, supu ya kamba, samaki au nyama inayotiwa ukwaju pamoja na nyanya, figili, bamia na majani ya kangkong. Mtu wa pwani ameuzoea ukwaju katika juisi na katika urojo, lakini kuukuta katika supu ya nyama ya ng'ombe humshtua kidogo kwenye kijiko cha kwanza. Asihukumu mapema. Anywe kijiko kimoja, ale wali na kipande cha samaki wa kukaanga, kisha arudi kwenye supu, na hapo ataona kazi ambayo uchachu ule umewekewa. Asiyependa uchachu kabisa aulize tinola, supu ya kuku yenye tangawizi, papai bichi na majani ya mlonge, ambayo binafsi ndiyo ninayomwagizia mtu aliyechoka na safari au mwenye mafua.

Kizito kinachosemwa vibaya kuliko vyote ni kare-kare. Huo ni mkia wa ng'ombe, mara nyingi pamoja na matumbo, uliopikwa mpaka ukalainika katika mchuzi wa karanga, ukawekewa biringanya, ua la mgomba na mboga za majani. Nimewasikia watu waliokulia kwenye mchicha wa karanga wakisema kwamba Wafilipino hawajui kutia chumvi. Chumvi ipo, ila imewekwa pembeni katika kibakuli cha bagoong, yaani uduvi waliochachushwa kwa chumvi, na mlaji ndiye anayepaswa kuchukua kiasi kidogo sana kwa ncha ya kijiko na kukiweka juu ya kila tonge. Anayekiacha kibakuli kile kwa sababu ya harufu yake atakula mchuzi usiokamilika, na anayekimimina chote kwenye sahani hataweza kuendelea. Mwenye mzio wa kamba au wa karanga amwambie mhudumu kabla ya kuagiza chochote, kwa sababu uduvi na mchuzi wa samaki wa kuchachushwa, uitwao patis, huingia katika supu na mboga nyingi bila kuonekana.

Kwa upande wa nazi, sisi tuna bahati. Laing, chakula cha eneo la Bicol, ni majani ya magimbi yaliyopikwa katika tui mpaka likakauka, pamoja na pilipili ya kutosha, na sijawahi kumpeleka mtu wa pwani ambaye hakuelewana nayo mara moja. Vyakula vingi vyenye neno ginataan katika jina lake vimepikwa kwa tui vilevile, viwe vya kaa, kamba, kuku au boga. Hata hivyo, ninawasihi wageni wangu wasiagize vitatu vya nazi kwa sababu tu wamevitambua. Meza ya namna hiyo hushibisha haraka na huchosha, na mtu huondoka akidhani amekula chakula cha kwao kilichobadilishwa kidogo.

Kwa kuchoma, chagueni kati ya kuku wa inasal na samaki wa bangus. Inasal ni kuku wa mtindo wa mji wa Bacolod, aliyelowekwa katika siki, mchaichai na maji ya kalamansi, yale malimau madogo ya duara, kisha akachomwa huku akipakwa mafuta yenye rangi ya chungwa. Bangus ni samaki ambaye wavuvi wetu humwita mwatiko. Nyama yake ni tamu na miba yake ni mingi mno, kwa hiyo ulizeni kama ametolewa miba, hasa mkiwa na watoto. Vyovyote mtakavyochagua, mtaletewa siki, sosi ya soya, kalamansi na pilipili ili kila mtu ajichanganyie kitoweleo chake. Kwenye meza ya Kifilipino, kujichanganyia namna hiyo hakumvunjii mpishi heshima. Ni sehemu ya mapishi, na ninapomwona mgeni anakula kuku mkavu mkavu huku vibakuli vimejaa, humsogezea bila kumuuliza.

Sasa suala la nguruwe, ambalo kwa wasomaji wengi wa Kiislamu ndilo la kwanza. Dubai, mgahawa hauuzi nguruwe bila kibali maalumu, na chakula chenye nguruwe hutakiwa kutambulishwa waziwazi. Ndiyo maana migahawa mingi midogo ya Kifilipino hapa haina nguruwe kabisa, na sisig, ambayo kwao Pampanga hutengenezwa kwa nyama ya kichwa cha nguruwe iliyokatwakatwa, huku huletwa ya kuku au ya samaki ikiwa bado inachemka kwenye chuma. Mazoea hayo yasisafirishwe. Ukiingia mgahawa wa Kifilipino London, Toronto au Manila, nguruwe anaweza kuwamo hata katika vyakula unavyovidhania kuwa vya mboga tu: choroko za ginisang monggo, mboga mchanganyiko za pinakbet, tambi za pancit, na lumpia zinazofanana na sambusa ndefu. Kwa hiyo usiulize kama chakula kina nyama. Uliza kama kina nguruwe, kama kimekaangwa kwa mafuta yake, na kama juu yake kumenyunyizwa chicharon, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Dinuguan usiiulizie, kwa kuwa mchuzi wake mweusi ni damu. Anayefika Manila aende Quiapo, kwenye mitaa inayouzunguka Msikiti wa Dhahabu uliojengwa mwaka 1976, ambako Waislamu wenye asili ya Mindanao, kisiwa cha kusini mwa Ufilipino, huuza vyakula vyao. Atafute pastil, wali wenye kuku aliyechambuliwa, uliofungwa katika jani la mgomba. Ni chakula rahisi, na kwa maoni yangu kinazishinda sahani nyingi za bei kubwa.

Kuhusu namna ya kula, hamtaletewa kisu katika migahawa mingi. Kijiko hushikwa mkono wa kulia na uma wa kushoto, na uma husukuma chakula kwenye kijiko. Kula kwa mkono hakumshangazi mtu, na ipo karamu yake kabisa, kamayan, ambapo wali, samaki, kamba na matunda hupangwa juu ya majani ya mgomba yaliyotandikwa mezani na watu wote wakala pamoja bila sahani. Mara nyingi karamu hiyo huagizwa mapema na hutaka kundi kubwa, basi pigeni simu kwanza. Chakula cha kawaida hakiji kwa hatua. Kila kinachoiva huletwa, na supu inaweza kufika baada ya kuku. Msianze kunung'unika wala msile kile cha kwanza mpaka mkakimaliza. Subirini angalau wali na vitoweo viwili vifike.

Halo-halo mwiagize mnapokaribia kumaliza wali, maana huletwa upesi na barafu yake huyeyuka upesi. Ni bilauri ndefu yenye barafu iliyosagwa, maziwa, maharage matamu, fenesi, vipande vya nazi laini, na juu yake kiazi kikuu cha zambarau kiitwacho ube. Mgeni hupenda kuanza juu kwa sababu rangi ni nzuri, akajikuta mwishoni amebaki na maharage na sukari. Izamisheni vijiko mpaka chini, mchanganye vyote kwanza, na bilauri moja iwatoshe watu wawili, kwa kuwa utamu wake ni mwingi.