Mbona fonti nene haisomeki?

SWALI: Habari za kazi mhariri, mimi natengeneza mabango na nimeipenda sana fonti (mtindo wa herufi) ya Impact, sasa nikiandikia kila kitu mpaka yale maelezo ya chini watu wanalalamika hawasomi, shida iko wapi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Fonti haina shida, umeipa tu kazi isiyo yake. Impact aliichora Geoffrey Lee kule Uingereza ikatoka 1965, na ni ya vichwa vya habari na matangazo, ndo maana herufi zimenenepeshwa, zikabanwa ubavuni, zikasogezwa karibukaribu ili wino ujae na mtu aone kwa mbali. Sasa hebu itazame a au e, lile tundu la ndani ni jembamba mno, ukiishusha mpaka saizi ndogo ya pointi 10 linaziba na herufi zote zinakuwa kama madoa tu. Ule weupe wa ndani ndo unatusaidia kujua hii ni e na hii ni o, na watengenezaji wengi wanausahau kabisa, inaniuma sana!

Kwa hiyo iache kwenye kichwa, maneno matatu manne makubwa, maelezo weka fonti nyepesi. Na kama bango ni la sherehe jaribu Cooper Black, ya Oswald Cooper wa Chicago, 1922, nayo nene ila kona zake ni za mviringo, haimfokei mtu. Mi naipenda zaidi hiyo.