Unayesubiri jua upake boti, hebu ngoja kidogo

Wewe uliyenunua boti ya chuma ya mifereji ya Uingereza, zile nyembamba zenye upana wa mita mbili na kidogo, na kila asubuhi unachungulia dirishani kama jua limetoka upake rangi: jua silo la kungojwa. Mimi nilichelewa kulijua hilo, likanila ubavu mzima wa boti.

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, karibu na Braunston, kwenye mfereji wa Grand Union. Siku ilitakata, hakuna hata wingu. Nikapaka mpaka saa kumi na moja jioni, buluu iliyoiva, naiona sura yangu ndani yake. Saa tatu usiku nikatoka na tochi, nikakuta ubavu umelowa chapachapa, na mvua haikunyesha. Asubuhi ile buluu ilikuwa na ukungu wa kijivu, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, ila huu haukufutika. Nilipiga msasa upya, na siku nzuri nyingine niliipata mwezi wa tano.

Kilichonitenda ni umande. Usiku usio na mawingu chuma hupoa hata kuliko hewa iliyokizunguka, na rangi ambayo haijashika hunywa yale maji. Ndiyo maana jioni nzuri ya kupiga picha ni jioni mbaya kwa fundi. Ingoja siku kavu yenye mawingu mepesi na upepo mdogo, hewa ikiwa kati ya nyuzi 10 na 20 hivi za selsiasi, unyevu chini ya asilimia 80. Nunua kipimo cha joto la chuma. Chuma kiwe angalau nyuzi 3 juu ya pale umande unapoanza kutunga. Mimi huanza saa nne asubuhi, nikishafuta paa na kulipa muda likauke, na saa nane mchana brashi naiweka chini. Hata kama kipande kilichobaki ni urefu wa mkono mmoja tu. Hasa kikiwa mkono mmoja, maana hapo ndipo tamaa inapokuponza.

Jua kali nalo lina yake. Chuma chenye rangi nyeusi kikikuunguza kiganja, rangi hukauka kabla hujailaza, na michirizi ya brashi hubaki humo. Fuata kivuli. Ubavu wa upande wa majini utahitaji kugeuza boti, na boti ya mita 17 haigeuki popote. Kuna sehemu maalumu zilizochimbwa pana kwa kazi hiyo. Zitafute kwenye ramani mapema.

Usiegeshe chini ya miti. Mierebi ikianza kumwaga pamba zake, utadhani umepaka godoro. Mwaga ndoo mbili za maji kwenye njia ya kando ya mfereji kabla ya kuanza, wapanda baiskeli wasikutimulie vumbi. Na kama huna maegesho ya kudumu, kumbuka huruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14, kwa hiyo hata kungoja kwenyewe kuna mwisho.

Kwetu pwani wanaopaka deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa, chini ya jahazi husubiri bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, na bamvua unaihesabu kwa mwezi, huwezi kuikosa. Huku hakuna kalenda ya namna hiyo, kwa hiyo siku ya hovyo nayo uitumie. Kwangua kutu kipande kwa kipande, ukubwa wa sinia, mvua ikipumzika na chuma kikiwa kikavu, na upake praima, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, saa ileile. Chuma kitupu kikilala nje usiku mmoja tu, asubuhi kina kutu ya rangi ya chungwa. Tumbo la boti ni habari nyingine, linapakwa lami likiwa nchi kavu, na nafasi ya kupandisha unaiwekea miadi miezi kadhaa kabla.

Siku ikifika, muwe wawili. Mmoja anatangulia na rola, wa pili anamfuata na brashi kavu akiilaza rangi, bila kusimama kunywa chai katikati ya ubavu. Tepu mliyobandika kwenye mipaka ya rangi ibandueni rangi ingali inanata. Inzi akitua, mwacheni. Kesho akishakauka mtamtoa kwa ukucha, lakini mkimfukuza kwa kidole sasa hivi, kidole ndicho kitakachobaki.