Kwa unayeanza Kichina: bushou peke yake haikufikishi

Mwanafunzi mpya akishaelezwa bushou, ile sehemu ya hanzi (herufi ya Kichina) inayoonyesha maana iko kundi gani, hufurahi akadhani kazi imeisha. Anakariri bushou zote 214 za kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716, halafu akifungua gazeti hasomi hata mstari. Naomba usijichoshe hivyo. Hanzi nyingi zina pande mbili, upande wa maana na upande wa sauti, na huu wa sauti ndio unaopitwa haraka darasani.

Chukua 青, inayosomwa qīng. Iwekee maji (氵) upate 清, qīng, safi kama maji yaliyotulia. Iwekee usemi (讠) upate 请, qǐng, kuomba au kukaribisha. Ukiweka moyo (忄) ni 情, qíng, hisia. Ukiweka jua (日) ni 晴, qíng, anga imetakata. Kushoto kunabadilika na maana inabadilika nako, kulia kumebaki vilevile na sauti imebaki, toni tu ndiyo inayopanda na kushuka. Ukifika kwenye jicho (目) unapata 睛, na hapo sauti inahama kidogo kuwa jīng. Zaidi ya asilimia 80 ya hanzi zimeundwa kwa mtindo huu. Kwa hiyo daftari lako liwe na kurasa za sauti pia. Ukurasa wa 马 (mǎ) utajaa wenyewe: 妈, 吗, 骂, 码, zote ni ma.

Kwa upande wa bushou, anza na thelathini hivi unazokutana nazo kila siku: maji, mti, mkono, moyo, mdomo, mtu, chakula, chuma. Jifunze na majina yake ya mazungumzo, maana hakuna Mchina atakayekutajia bushou ya 85. Atasema sāndiǎnshuǐ, maji ya nukta tatu. Mtu wa ukoo wa Zhang akijitambulisha kwenye simu huulizwa ni Zhang ipi, naye hujibu "gōng cháng Zhāng", yaani upinde (弓) na urefu (长), 张. Au "lì zǎo Zhāng", kusimama (立) na mapema (早), 章. Zoea kuandika majina kwa kusikia namna hii. Ni zoezi zuri kuliko kunakili hanzi moja ukurasa mzima.

Kuna mitego michache. 月 ni mwezi, lakini ndani ya 肝 (ini), 腿 (mguu) na 脸 (uso) ni nyama, 肉, iliyobadilika umbo. 礻 ni ya ibada, 衤 yenye nukta ya ziada ni ya nguo. Na 贝 ni kauri, jamii ya zile tunazoziokota pwani. Zamani Uchina zilikuwa mali, ndiyo maana unaiona kwenye 货 (bidhaa), 贵 (ghali) na 费 (gharama).

Sasa hadithi za asili, ambazo watu wanazipenda mno. Utaambiwa 東, mashariki (leo huandikwa 东), ni jua likichomoza nyuma ya mti. Maelezo haya ni ya kale kweli, yamo katika Shuowen Jiezi, kamusi ambayo Xu Shen aliikamilisha mwaka 100 B.K. Lakini maandishi ya ramli ya enzi ya Shang, utawala wa kale wa Uchina, yaliyochongwa kwenye magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe, yalitambuliwa mwaka 1899 tu. Xu Shen hakuyaona. Humo 東 inaonekana kama mfuko uliofungwa ncha zote mbili, umbo lililoazimwa kuandika neno "mashariki" kwa ajili ya sauti yake tu. Vivyo hivyo 我, "mimi", ilikuwa silaha, na 来, "kuja", ilikuwa mmea wa ngano.

Hadithi ya jua na mti itumie kukumbukia, haina ubaya, ila iandikie "hadithi" pembeni ili usije ukamfundisha mwenzako kama historia. Ukiitaka historia yenyewe, tafuta kamusi inayopanga maumbo kwa zama: la mifupa, la vyombo vya shaba, la mihuri, hadi la leo. Tazama kwanza maumbo kwa macho yako, ndipo usome maelezo.