"Mke wangu alinyonyesha mezani mbele ya bosi wangu"

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, naishi Mbeya, nimeajiriwa. Mke wangu anauza nguo za watoto Mwanjelwa na tuna mtoto wa miezi mitano. Mwezi huu wa saba ofisini tulimuaga mwenzetu kwa chakula cha usiku kwenye mgahawa mpya wa kisasa, tukaambiwa tuje na wenza wetu. Katikati ya chakula mtoto akalia. Mke wangu akafunua kifua chote palepale mezani akaanza kunyonyesha, bosi amekaa mbele yake. Watu wote wakanyamaza. Mhudumu akaja akasema kwa heshima kwamba kuna wateja hawajisikii vizuri, nikamwambia mke wangu aende chooni akamalizie huko. Akanyanyuka, akachukua bajaji akarudi nyumbani bila kumuaga mtu. Kesho yake akaenda kwao Tukuyu na mtoto, simu zangu hapokei. Amenidhalilisha, Shangazi. Hata Wazungu na ustaarabu wao hawafanyi vile. Nataka arudi, ila kwanza aniombe msamaha, na tukitoka awe anampa mtoto chupa au uji mwepesi. Nimfanyeje?
Baba J., Mbeya

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulala kwenye nyumba isiyo na sauti ya mtoto. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako ilikuwa kurasa tatu, hapo juu nimeweka kifupi chake. Bahati mbaya kwako nilizisoma zote. Ukurasa wa kwanza umeandika kwamba mkeo "alifunua kifua chote". Mbeya, mwezi wa saba, usiku! Mwezi ambao watu wanakula supu na majaketi mwilini! Nikasema haya, labda. Nikafungua ukurasa wa pili, nakuta unalalamika kwamba alijitanda "kitenge cha kijijini kisichoendana na mahali pale". Sasa tushike lipi? Kifua kilikuwa nje au kitenge kilikuwa juu? Mimi nimenyonyesha, nimeona wengi wakinyonyesha, na naweza kukuambia kilichotokea kana kwamba nilikuwa meza ya pili. Sweta lilipandishwa upande mmoja, kitenge kikashuka, mtoto akapotelea ndani. Kilichobaki kuonekana na bosi wako ni kisigino kimoja chenye soksi.

"Watu wote wakanyamaza." Hao wote ni akina nani? Katika kurasa tatu umemtaja mmoja tu, dada wa uhasibu, ambaye usiku uleule alikutumia ujumbe wa kukupa pole. Jina lake umeliandika mara nne. Jina la mkeo nimelitafuta sikuliona; ni "mke wangu", "yeye", na mahali pamoja "huyu mwanamke". Sisemi una jambo na huyo dada. Nasema nimehesabu, na kama mimi niliye mbali nimehesabu, aliyekuwa amekaa pembeni yako alihesabu mapema zaidi. Bosi naye, kwa maneno yako mwenyewe, kesho yake alikuuliza "mtoto hajambo?" ukaona ni kejeli. Mwanangu, yawezekana mzee wa watu alikuwa anauliza kama mtoto hajambo.

Tuje Mwanjelwa. Huyo mtoto ananyonya kila siku pale kibandani, wateja wamesimama, machinga wanapita, wabeba mizigo wanapiga kelele "kichwa, kichwa!", na mama yake anampa nyonyo huku anarudisha chenji. Hilo unalijua, umeliandika mwenyewe kwamba "amezoea sokoni". Mbona sokoni hukudhalilika? Kwa sababu jioni fedha za pale zinaingia ndani. Kwenye kosta ya Uyole unakaa na mama anayenyonyesha, bega kwa bega, wala hugeuki. Kanisani ananyonyesha mpaka mke wa mchungaji. Kwa mama lishe, ambako naamini ndiko unakokula mchana kama sisi sote, mpishi mwenyewe anakuwekea wali kwa mkono mmoja huku mtoto kamning'inia. Ziwa ni lilelile. Kilichobadilika ni kitambaa cha meza na bei ya soda. Hukuona aibu ya kunyonyesha, uliona aibu kwamba mkeo anafanana na kule mlikotoka, mbele ya watu unaotaka wadhani umezaliwa ghorofani.

Na usinisingizie mila. Wanyakyusa ni watu wa heshima kali. Mkamwana wa zamani akimwona baba mkwe njiani alikwepa pembeni wasikutane uso kwa uso. Pamoja na ukali wote huo, mtoto akilia alinyonyeshwa. Wahenga wetu wamekwishasema mficha uchi hazai. Mlipokuwa mnamtafuta huyo mtoto aibu ulikuwa umeiweka wapi?

Sasa habari ya choo, maana hapo ndipo uliponiudhi kweli. Mhudumu simlaumu sana, yule katumwa na mtu wa kaunta, anatafuta mshahara wake. Lakini wewe hujatumwa na mtu. Ulitakiwa kusema neno moja tu, bila kupandisha sauti: "Mtoto anakula, akimaliza tutawaambia." Basi, angeondoka na trei yake. Badala yake ukachukua maneno ya mgeni ukayatia mdomoni mwako, ukamwelekeza mke wako choo ambacho kwenye ukurasa wa tatu unasema maji yalikuwa yamekatika. Mke anaweza kusahau mhudumu aliyemfukuza. Mume aliyesaidia kumfukuza hasahauliki kirahisi, ndiyo maana simu haipokelewi.

Unasema chupa na uji mwepesi. Kwa mtoto wa miezi mitano? Kadi ya kliniki iko hapo kwenu, au kaondoka nayo? Kila muuguzi anasema jambo lilelile linalosemwa na Shirika la Afya Duniani: miezi sita ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, kisha aanze chakula huku akiendelea kunyonya mpaka afike miaka miwili na zaidi. Hata maziwa yakikamuliwa, kliniki wanapendelea kikombe kuliko chupa, maana chupa isiyooshwa na kuchemshwa sawasawa inaleta kuhara, nawe unataka ikaoshwe kwenye mgahawa usio na maji. Huku kwetu ndiko tusikotakiwa kabisa kucheza na hili. Sisi tunalisha nchi mahindi, viazi, ndizi na maharage, lakini utafiti wa taifa wa afya wa 2022 ulikuta Iringa watoto 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, Njombe 50, wakati nchi nzima ni 30. Sababu ni nyingi, na kukosea namna ya kumlisha mtoto mchanga imo. Huyo mama anafanya alichofundishwa, wewe unataka aharibu ili meza ipendeze.

Wazungu nao umewasingizia. Scotland wana sheria ya mwaka 2005: ukimzuia mama kumnyonyesha mtoto wa chini ya miaka miwili mahali panapoingia watu, mgahawani kukiwemo, umetenda kosa la jinai. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 hairuhusu mgahawa kumtoa mama kwa sababu ananyonyesha. Ni kweli wapo wanaokunja sura huko pia, ndiyo maana sheria ikatungwa. Hata hapa petu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kwa hiyo bosi wako, unayemwogopa hivyo, analazimika kumpisha mfanyakazi wake anyonyeshe, ila wewe mumewe umeshindwa kumpa mkeo dakika kumi kati ya kuku na matunda. Na Agosti ndiyo hiyo inaingia, tarehe 1 hadi 7 ni Wiki ya Unyonyeshaji Duniani. Wakigawa fulana ofisini kwenu utavaa, utapiga picha, utaweka status.

Hizi ndoa za siku hizi zina ugonjwa huo. Mwanaume anaoa mwanamke kwa sababu ni mchapakazi, hana makuu, anajua kulea. Akishapanda cheo kidogo anaanza kumtamani mke mwingine ndani ya yuleyule: avae hivi, ale kwa uma, asiongee Kinyakyusa kwenye simu mbele za watu. Mke amegeuzwa saa ya mkononi, anatolewa sandukuni siku ya sherehe. Wanawake nao wapo wenye tabia hiyo, nitawafikia, leo si zamu yao. Zamani mtu alimwonea aibu mkewe kwa uchawi au wizi. Leo anamwonea aibu kwa kitenge.

Mkeo naye angeweza kumuaga mwenyeji wa shughuli kabla ya kupanda bajaji, hilo nakubali. Lakini mtu aliyetoka kuambiwa apeleke mtoto chooni, mimi namshukuru kwa kuondoka kimya. Nisingeondoka hivyo.

Fanya hivi. Jumamosi nenda Tukuyu, usiende Jumapili maana utawakuta kanisani. Mchukue mshenga aliyekuposea, usimchukue rafiki yako wa ofisini. Sharti lako la kuombwa msamaha liache pale njia panda ya Uyole, usikate kona nalo. Ukifika, salimia wazee, kaa ulipokaribishwa, kula ulichopewa, halafu uombe nafasi ya kuongea na mkeo, umwite kwa jina lake. Msamaha uanze kwake, wakwe baadaye. Mwambie ulimkosea pale mhudumu aliposimama ukakaa upande wa mhudumu. Usianze na "lakini na wewe". Asipokubali siku hiyo, rudi Mbeya kimyakimya, wiki inayofuata panda tena. Namba ya dada wa uhasibu ibaki kwa mambo ya mishahara, ya saa za kazi.

Akikubali, msirudi usiku. Tukuyu mwezi huu ni ukungu na baridi, na mtoto bado mdogo. Nauli lipa wewe.