Transfo ya bei chini, nani atalipa? Majibu kwa watu wa Bukavu

Mumeniuliza sana juu ya transfo, ile mashine inashusha umeme wa laini kubwa ufae nyumba, nafikiri ni juu ya hii michango ya kila avenyu ya kuinunua. Haya tujibu.

Kaka, tumeonyeshwa transfo mbili za kVA 100 (kVA ni kipimo cha ukubwa wake), moja ni ghali sana kushinda ingine. Tofauti iko wapi? (mama wa Ibanda)

Mama, soma plaki, angalia wati zinazopotea bila mzigo, ni kusema wakati hakuna nyumba inatumia umeme. Kiini cha chuma kinakula umeme masaa yote transfo ikiwa imeunganishwa na umeme, hata avenyu nzima ikilala. Kanuni za Ulaya za 2015 ziliweka mwisho wati 145 kwa kVA 100, na kuko za zamani zinakula 320. Hiyo ni wati 175 zinapotea bure, zidisha na masaa 8,760 ya mwaka unapata kWh 1,533 hivi. Ila sisi na delestaji (umeme wa kukatwa kwa zamu) tunajuana, transfo ikikatwa haikuli kitu, umeme ukifika nusu siku tu na faida ya ile inayokula kidogo inabaki nusu, kwa hiyo muuzaji akikuletea hesabu ya masaa 24 mwambie apige upya na masaa yenu.

Bobini (waya zinazozungushwa kwenye kiini) za alumini ni feki? (Kadutu)

Hapana. Alumini inapitisha umeme kama 61% ya shaba, basi waya inanenepa na transfo inakuwa kubwa, lakini bei inashuka. Feki ni kuambiwa shaba na ndani ni alumini. Linganisha wati zinazopotea.

Si tununue kubwa kabisa tumalize?

Hapa njo pesa inapoteaga. Hasara ya waya, ni kusema wati zinazopotea kwenye bobini, inapanda kwa mraba wa mzigo, mzigo ukiwa nusu hasara ni robo, kwa hiyo transfo kubwa haichemki, ila kiini chake kinakula zaidi usiku kucha. Ile ya wati 145, kama hasara ya waya mzigo ukijaa ni wati 1,750, inafanya kazi vizuri zaidi kwenye mzigo wa 29% hivi. Ndogo nayo, saa moja jioni kila nyumba imewasha resho (jiko la umeme), ikibeba 130% hasara ya waya inafika mara 1.7, na karatasi ya kawaida ndani ya bobini ikizidi joto digrii 6 tu maisha yake yanakatika nusu. Mimi ningepima mzigo wa jioni kwanza, wiki nzima, ndiyo mchango uanze.

Milima yetu inabadilisha kitu?

Ndiyo, kidogo. Transfo nyingi zinapimwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na Bukavu iko juu ya 1,400, hewa ni nyepesi haipozi vizuri. Andikeni mwinuko kwenye komandi mapema.