Kujifungia chumbani si "usonji kuzidi": jibu kwa dada mwenye mdogo wa miaka 19

Dada, nimelisoma bandiko lako lote na majibu ya wadau. Kwa waliorukia hapa chini: mdogo wake wa kiume ana miaka 19, alitambuliwa kuwa na usonji tangu utotoni, shule kamaliza vizuri tu. Tangu amalize amejifungia chumbani, usiku halali, chakula anagusagusa, maneno yamebaki "ndiyo" na "hapana". Walimpeleka kwa mshauri nasaha, naye akasema kijana hatoi ushirikiano. Nyumbani wamehitimisha kuwa usonji umezidi. Dada anauliza kama kuna msaada wa kisaikolojia unaowafaa watu wa aina yake au ndiyo basi tena.

Upo. Ila nianze na hilo la usonji kuzidi, maana ndilo linalowachelewesha. Usonji ni namna ubongo ulivyojijenga tangu mwanzo, hauibuki ukubwani. Mtu aliyekuwa anaongea, anakula na anakwenda shule, halafu ndani ya miezi vyote vikaporomoka, basi kuna kitu kingine kimeingia juu ya usonji wake. Inaweza kuwa sonona (huzuni nzito isiyoisha). Inaweza kuwa wasiwasi, maumivu ya mwili, jambo baya alilofanyiwa na hajaweza kulisema, au kuishiwa nguvu kwa namna nitakayoieleza. Vyote hivyo vina msaada wake. Tatizo ni kwamba mtu akishapewa jina la usonji, kila kitu kinasukumiwa huko. Jino linaoza, kijana anajipiga shavu, na watu wazima wenye akili zao wanasema "hawa ndivyo walivyo".

Mimi nina usonji. Niliambiwa nikiwa mtu mzima, nina mke na mtoto, baada ya miaka ya kuitwa mara mwoga, mara mwenye kiburi, mara mtu wa kununa. Sijasomea saikolojia. Nimekaa sana kwenye kiti cha anayehudumiwa, na nikishika jambo kulisoma siliachi (wenzangu mtanielewa), kwa hiyo nitachanganya ya kwangu na ya vitabuni.

Kwanza kabisa, kabla ya mshauri yeyote, daktari amwone. Si kwa sababu nadharau saikolojia. Wengi wetu hatusomi vizuri taarifa za mwili wetu: njaa, kiu, homa, maumivu, vyote vinakuja kama kero moja isiyo na jina. Akaguliwe meno, masikio, tumbo (kufunga choo ni kawaida kwetu na kunatesa), na waulizie kifafa, kwa sababu kinawapata watu wenye usonji zaidi kuliko wengine. Na kuna moja naliweka wazi kwa sababu ya umri wake: katatonia. Mtu anakuwa mzito, anakwama mlangoni kama aliyegandishwa, anahitaji kuguswa au kuambiwa ndipo amalize tendo, anapunguza kula na kuongea. Mwaka 2000 Lorna Wing na Amitta Shah wa Uingereza walichapisha kuwa katika watu wenye usonji wa miaka 15 na kuendelea waliopelekwa kliniki yao, asilimia 17 walikuwa na dalili hizo, na wengi zilianza kwenye ujana. Ina tiba, na dawa zinazotangulia kujaribiwa ni za kundi la lorazepamu. Sisemi mdogo wako anayo. Nasema ukiona kuganda, mtajie daktari neno hilo wewe mwenyewe, na kama chakula na maji vimekatika, hilo ni la dharura.

Sasa nije kwenye lile ambalo kwa maelezo yako naliona lina nafasi kubwa. Unasema shuleni alikuwa "mtulivu, hana shida na mtu". Mtoto mwenye usonji asiye na shida na mtu kwa miaka yote hiyo, mara nyingi anailipia mahali. Anajifunza kuwatazama watu machoni kwa kuhesabu, kucheka wengine wakicheka, kuficha mikono inayotaka kutikisika, kuandaa sentensi usiku kwa ajili ya kesho. Mimi nilikuwa nafanya hivyo na nilidhani kila mtu anafanya. Ukitoka darasani huna kilichobaki. Nyumbani wanaona mtoto analipuka au anazima, wanashangaa mwalimu anavyomsifu.

Kuna siku hesabu inakataa. Mwaka 2020 Dora Raymaker na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti uliotokana na maelezo ya watu wazima wenye usonji wenyewe, wakaieleza hali hii ya kuishiwa nguvu: uchovu mzito unaodumu, kwa kawaida miezi 3 au zaidi, kupotea kwa ujuzi ambao mtu alikuwa nao, na sauti, mwanga au mguso kutovumilika kama zamani. Chanzo ni madai ya maisha kuzidi uwezo kwa muda mrefu bila msaada unaolingana nayo. Mara nyingi huja mtu anapovuka hatua: kumaliza shule, kuanza kazi, kuoa au kuolewa, kupata mtoto. Na hatua ya mdogo wako ni mbaya kuliko nyingi, maana ratiba yote iliyokuwa inamshikilia kwa miaka imeondolewa siku moja, na mara nyingi huduma za watoto zinakatika hapo hapo bila za watu wazima kuanza.

Hali hii inafanana na sonona kwa nje, na zinaweza kukaa pamoja. Tofauti ambayo mimi naitumia: ukiwa umeishiwa, mambo unayoyapenda bado unayataka ila huna nguvu ya kuyafikia. Kwenye sonona hata kutaka kunakufa. Kwa hiyo swali la maana si "mbona hatoki", ni lile alilokuwa analipenda sana. Akisikia habari yake, macho yanaamka au hayaamki? Mshauri anayeijua sonona tu atamwambia ajilazimishe kutoka, apange shughuli kila siku. Kwa sonona ni ushauri mzuri. Kwa aliyeishiwa ni kumwongezea mzigo.

Ndiyo maana sikubaliani na mdau wa hapo juu aliyesema mtoeni kwa nguvu azoee watu. Kelele na macho ya watu hatuvizoei kwa kulazimishwa, tunajifunza kuvumilia kimya kimya, na bili inakuja baadaye. Anachohitaji sasa ni madai yapungue: wageni wasiingizwe chumbani, maswali ya "utafanya nini na maisha" yasitishwe, chakula kile kile anachokikubali kiwekwe saa ile ile bila hotuba. Aachiwe kutikisika na kujifunika. Ukitaka kukaa naye, kaa pembeni ukifanya shughuli yako bila kudai mazungumzo.

Tuje kwa mshauri. Hili la "hatoi ushirikiano" limenigusa kwa sababu kwenye faili langu liliandikwa karibu hivyo hivyo. Mshauri wangu wa kwanza alikuwa mtu mwema mwenye swali moja alilolipenda: "Na hilo lilikufanya ujisikieje?" Nikilisikia naganda. Najitafuta ndani sipati kitu, ila naisikia taa ya dari inavuma, saa ya ukutani, viatu vya mtu anayepita nje. Nikinyamaza naye ananyamaza, kwa kuwa amefundishwa kwamba ukimya humfungua mtu. Mimi ulinifunga.

Wa pili, mama mmoja wa makamo, aliniuliza kwanza ni kitu gani humo ndani kinanisumbua. Nikamwambia taa na saa. Akazima taa ya dari akaacha ya mezani, saa akaitia kwenye droo. Halafu akanipa karatasi yenye mchoro wa mwili na kalamu. "Usiniambie unajisikiaje. Nionyeshe mwili unafanya nini." Nikapaka taya, mabega, viganja. Akauliza taya hukaza hivyo wakati gani mwingine. Nikajibu bila kufikiri: simu ya kazini ikilia. Tulifanya kazi muda mrefu na hiyo simu, na hofu iliyokuwa nyuma yake nilikuwa nimeishi nayo bila kujua kuwa ni hofu.

Hali ya kushindwa kuzitambua na kuzitaja hisia zako inaitwa aleksithimia. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2019 ulikuta iko kwa karibu nusu ya watu wenye usonji, dhidi ya karibu asilimia 5 ya wengine. Mweke mtu wa namna hiyo kwenye tiba inayoanza na kusimulia hisia, atashindwa, kisha ataambiwa hataki kusaidiwa. Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati yetu na wengine kunatoka pande zote mbili. Hilo linahusu pia chumba cha mshauri.

Tiba ya kubadili fikra na tabia, ile ambayo washauri wengi huanza nayo, inaweza kutusaidia kwenye wasiwasi na sonona ikirekebishwa. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, ilishaandika hayo mwaka 2012 kwa watu wazima wenye usonji: maelezo yawe ya moja kwa moja, yawepo maandishi na picha, mafumbo yapunguzwe, mkazo uwe kwenye kubadili mazoea kuliko kubishana na mawazo, mapumziko ya mara kwa mara, na ndugu au mlezi ahusishwe mtu akiridhia. Kwa hiyo ukipata mshauri mwingine, usimwulize kama "anajua usonji", wote watasema ndiyo. Muulize atabadilisha nini kwenye kikao chake. Muulize kama kijana anaweza kujibu kwa kuandika, kama maswali yanaweza kutumwa siku moja kabla, kama inaruhusiwa kutotazamana. Akikwambia lengo lake ni kumfanya aonekane wa kawaida, aga vizuri muondoke.

Wasioongea kabisa nao wana wasiwasi na huzuni kama sisi, ila zinaonekana kwa usingizi, kujiumiza, kukataa chakula. Kifaa au kadi za picha za kuwasiliana ni sehemu ya afya ya akili kwao.

Dawa nitapita haraka. Hakuna dawa ya usonji wenyewe. Risperidoni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006, na aripiprazoli iliyofuata 2009, ni za kutuliza hasira kali na vurugu kwa watoto wenye usonji, na huja na madhara, kuongezeka uzito kukiwa mojawapo. Kijana aliyejifungia kimya hana kazi nazo ati kwa sababu tu ana usonji. Dawa za sonona zinaweza kufaa kama sonona ipo, ila madaktari wazoefu huanza na dozi ndogo na kupandisha taratibu, maana wengi wetu madhara hutupata mapema.

Umeuliza pia kama atakuwa hivi maisha yote. Mahitaji hubadilika. Mtoto anahitaji mazingira yapoe na mtu wa kumlinda dhidi ya uonevu shuleni. Ujana unaleta kujilinganisha, na hapo ndipo wengi huanza kujichukia. Anayetambuliwa kuwa na usonji ukubwani kama mimi anapata nafuu na msiba kwa pamoja: unaipitia upya kila aibu ya zamani, unaona mtoto uliyekuwa hakuwa mkaidi. Hilo nalo linahitaji mtu wa kuzungumza naye, na wachache wanalitarajia. Kwa wazee, kinachoogopesha ni mzazi au ndugu aliyekuwa nguzo kufariki na ratiba yote kufa naye siku hiyo hiyo. Msiba kwetu unaweza kukosa machozi na kujitokeza baada ya miezi kama ugonjwa. Donald Triplett, mtoto wa kwanza kati ya 11 wenye usonji walioelezwa mwaka 1943 na Leo Kanner, daktari wa akili wa watoto huko Marekani, aliajiriwa benki miaka mingi, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, akafariki 2023 akiwa na miaka 89, na usonji wake hadi mwisho. Familia yake ilikuwa na uwezo, tusidanganyane, lakini pia alizungukwa na watu waliomzoea alivyo.

Kuna swali ambalo ndugu wanaliogopa. Muulize kama anafikiria kujiua. Kwa maneno hayo hayo, si "unawaza mambo mabaya?", kwa sababu swali la kuzunguka analijibu kama lilivyo. Aandike jibu akitaka, au aonyeshe kidole kwenye ndiyo au hapana. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Utafiti wa Sarah Cassidy na wenzake uliochapishwa 2014 kutoka kliniki moja ya Uingereza ulikuta asilimia 66 ya watu wazima waliokuwa wametoka kutambuliwa kuwa na Asperger (aina ya usonji ilivyoitwa wakati huo) wamewahi kufikiria kujiua. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa vitu vya hatari, na mfike hospitali au mpige simu ya msaada siku hiyo hiyo. Uso wake unaweza kuwa mkavu kabisa anapokujibu. Usiupime ukweli kwa uso.

Kwa ajili ya daktari, andika kwenye karatasi mambo aliyokuwa anayafanya mwenyewe mwaka mmoja uliopita, yapi ameacha, na yaliachwa kwa mpangilio gani. Mwonyeshe mdogo wako kabla hujaipeleka, arekebishe. Na usingizi wake uandike wiki nzima, saa za kulala na kuamka, hata kama analala mchana, maana ni kitu cha kwanza watakachouliza. Ukishaonana na daktari rudi hapa useme alichosema, kwenye usingizi kuna mengine ya kuongeza kulingana na atakachopewa.