Mnaoanza kumsoma Wagner, tangulizeni masikio

Ndugu zangu mnaoanza kusoma opera, nawasihi msikimbilie vitabu vya falsafa kabla ya kuisikiliza Tristan und Isolde, opera ya mtunzi Mjerumani Richard Wagner kuhusu wapenzi wawili, Tristan na Isolde. Ukae kimya na utangulizi wake. Mara tu baada ya okestra kuanza utasikia sauti nne zimepigwa pamoja, zinadai kutulizwa, wala hazitulizwi. Katika sehemu ya pili wapenzi wanakaribia kabisa kufika, Mfalme Marke, mume wa Isolde, anawafumania, na muziki unakatika kwa kishindo. Utulivu unakuja mwishoni kabisa, Isolde akifa. Hamu hiyo isiyotulizwa ukishaionja, mwanafalsafa Mjerumani Schopenhauer hatakuwa mgumu.

Wagner alimsoma mwaka 1854, akiwa uhamishoni Zurich. Schopenhauer anafundisha kwamba tunasukumwa na utashi usio na macho wala kikomo. Mapenzi ni hila ya utashi huo ili kizazi kiendelee, na nafuu ni kuukana.

Kisha Wagner akasoma kitabu cha Burnouf, msomi Mfaransa, kuhusu Ubuddha wa India, na Mei 1856 akaandika muhtasari wa opera aliyoiita Die Sieger. Prakriti, binti wa tabaka linalodharauliwa, anampenda Ananda, mwanafunzi wa Buddha. Anakubaliwa kuishi karibu naye kwa sharti la kuapa usafi wa mwili, naye anaapa. Opera hiyo haikutungwa kamwe, lakini kwangu muhtasari huo mfupi una thamani kuliko maelezo mengi mtakayopewa. Mwekeni Prakriti kando ya Isolde: mmoja anaachilia na kubaki hai kama dada, mwingine anazama katika penzi lake hadi kufa.

Kwa hiyo msiandike kwamba Tristan ni opera ya Kibuddha. Wanafunzi wengi huandika hivyo, na inaniuma. Mwaka 1858, akiwa Venice, Wagner alianza barua ya kumsahihisha Schopenhauer, akidai kuwa penzi la mwanamume na mwanamke lenyewe laweza kuutuliza utashi. Hakuituma. Mbuddha angemjibu kwamba kutaka kuungana na mpenzi, hata kaburini, bado ni kung'ang'ania.

Parsifal, opera ya mwisho ya Wagner, ya mwaka 1882, isomeni baadaye. Humo mwanamke aitwaye Kundry amezunguka maisha baada ya maisha, na Parsifal analikataa busu lake kwa sababu ghafla ameyahisi maumivu ya mtu mwingine, mfalme Amfortas mwenye jeraha lisilopona. Huruma hiyo ndiyo inayokaribia alichofundisha Buddha.